Tunadai shura, tunawaziba vijana midomo

Kila sifa njema inamstahikia Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba zake na kila anayefuata mwenendo wake kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu msomaji, leo nataka tuzungumze juu ya vijana wetu wa vyuo vikuu na haki yao ya kusema wakati wa uchaguzi. Kila baada ya miaka mitano, kampeni zinapoanza, vijana hawa huambiwa na kila mtu wanyamaze. Wakubwa wa vyuo huwaambia wamekuja kusoma. Vyama huwakumbuka siku ya kujaza viwanja, kisha huwasahau. Na sisi wa misikitini huwaambia siasa waiache nje pamoja na viatu.

Nitaanza na nafsi yangu, kwa sababu katika jambo hili mimi si mtazamaji. Ni mmoja wa waliofunga mlango.

Mwaka 2010 nilikuwa katibu wa kamati ya msikiti mmoja wa mtaani hapa Ubungo. Nyumbani kwangu alikuwapo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu kutoka Kondoa, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja cha hapa Jijini. Alikuja kukaa nami kwa ajili ya mafunzo ya vitendo, yale wanafunzi wanayoyaita fildi. Kijana wa swala, mpole, msomaji wa magazeti. Alikuwa amejiandikisha kupiga kura pale chuoni, kama walivyofanya wenzake wengi, kwa kuwa uandikishaji uliwakuta wakiwa masomoni. Ilikuwa ndiyo kadi yake ya kwanza.

Uchaguzi Mkuu ulikuwa Jumapili ya Oktoba 31, 2010. Mwaka ule ufunguzi wa vyuo vikuu ulisogezwa mbele mpaka baada ya uchaguzi. Na utaratibu ulikuwa kwamba mpiga kura anapiga kura pale alipojiandikisha. Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja, matokeo yake ni haya: kijana yuko kwao Kondoa, Kigoma, Newala au Bukoba, na kituo chake cha kura kiko Dar es Salaam, katika chuo ambacho mabweni yake yamefungwa. Hakuna aliyemnyang'anya kadi. Hakuna aliyemwambia usipige kura. Kalenda ndiyo iliyofanya kazi hiyo.

Nia ya walioamua hivyo naiacha kwa Allah (s.w.), maana tumekatazwa kuhukumu kwa dhana. Lakini matokeo tuliyaona kwa macho. Na mwaka 2015 malalamiko ya namna hiyo yalisikika tena.

Basi Ijumaa moja, mwanzoni mwa Oktoba ile ya 2010, kijana wangu alinifuata kibarazani kabla ya swala. Alikuwa amemaliza fildi na anajiandaa kurudi kwao.

"Mjomba," akaniambia, "nakuomba dakika tano tu baada ya swala. Nataka niwaeleze wazee kwamba sisi tuliojiandikisha chuoni hatutapiga kura. Tumeandika barua ya kuomba ufumbuzi. Nikipata watu wazima wa kutusemea, huenda tukasikilizwa."

Nikamjibu haraka, bila hata kumwangalia vizuri. "Msikiti si jukwaa la siasa, baba. Wewe umeletwa kusoma, soma."

Akasema, "Sawa, Mjomba." Hakuongeza neno.

Ndugu msomaji, hapo pekee pangetosha kunitia aibu, lakini kuna zaidi. Wiki mbili kabla ya Ijumaa hiyo, mgombea udiwani mmoja alikuja kusali nasi. Alileta mikeka mipya na ahadi ya pampu ya kisima. Mimi mwenyewe, katibu, ndiye niliyemkabidhi kipaza sauti "awasalimie Waislamu". Salamu zile zilichukua dakika ishirini. Siku ile sikukumbuka kwamba msikiti si jukwaa la siasa. Nilikumbuka pale aliposimama mtu asiye na mkeka wa kutoa.

Wiki iliyofuata kijana alipanda basi pale Stendi ya Ubungo, ambayo wakati huo ilikuwa bado haijahamia Mbezi, akaenda zake Kondoa. Siku ya uchaguzi alinipigia simu jioni.

"Mjomba, umeshapiga?"

"Nimepiga, alhamdulillahi."

"Maashaallah. Kadi yangu ninayo hapa mfukoni."

Nauli ya kumrudisha Dar kwa siku tatu nilikuwa nayo, na kitanda alichokilalia kilikuwa kitupu. Wazo hilo lilinijia baada ya kukata simu.

Katika uchaguzi ule, watu zaidi ya milioni 20 waliandikishwa, lakini waliopiga kura hawakufika milioni tisa, yaani kama asilimia 43 tu. Wazee wetu walisikitika: vijana wa siku hizi hawajali, wanapenda mpira na muziki. Na mimi nilikaa kimya katika mazungumzo hayo, ilhali nilimjua kijana mmoja aliyejali, na nikajua nani alimnyamazisha.

Na kama yupo aliyedhani kwamba vijana wakiwa mbali mambo yatakwenda kama alivyozoea, hilo nalo halikuwa. Jimbo letu la Ubungo, ambalo Mlimani ilikuwa ndani yake, mwaka ule ule lilitoka CCM likaenda CHADEMA kwa John Mnyika. Sisemi hili kwa kumshangilia mtu. Nasema kwamba kumziba mtu mdomo ni dhulma hata pale isipomnufaisha aliyeziba.

Sasa hebu tujiulize: je, siasa ni mgeni chuo kikuu? Historia inakataa. Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 25, 1961 ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Yaani chuo chetu cha kwanza kilizaliwa ndani ya nyumba ya chama cha siasa. Yoweri Museveni aliongoza harakati za wanafunzi pale Mlimani. Jakaya Kikwete, John Magufuli na Tundu Lissu walisoma pale. Profesa Ibrahim Lipumba alisoma na kufundisha pale, kisha akagombea urais mwaka 1995, 2000, 2005 na 2010. Hawa wote hawakuokota siasa njiani siku waliyotimiza miaka arobaini. Waliifikiria na kubishana juu yake wakiwa vijana, kwenye vimbweta, mabwenini na katika Ukumbi wa Nkrumah.

Lakini historia hiyo hiyo ina upande wa pili. Oktoba 22, 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300. Mwaka 1970 umoja wa wanafunzi wa mrengo wa mapinduzi, USARF, ambao Museveni alikuwa mwenyekiti wake, ulipigwa marufuku pamoja na jarida lao la Cheche. Machi 1978 wanafunzi waliandamana kupinga viongozi kujiongezea maslahi, na mamia wakafukuzwa. Mwaka 1990, wakati nchi ikianza kujadili kama irudi kwenye vyama vingi, chuo kilifungwa kwa miezi kadhaa.

Chukua hoja moja tu, ya 1978. Vijana walisema si haki viongozi wajipandishie maslahi wakati wananchi wana dhiki. Leo maneno hayo unayasikia kwenye daladala yoyote ya Mwenge na Ubungo, na hakuna anayeshangaa. Waliofukuzwa walitangulia kusema tu. Na ajabu nyingine: Museveni ambaye umoja wake ulifungiwa mwaka 1970 ameitawala Uganda tangu mwaka 1986, na wanafunzi wa Makerere wakiandamana dhidi ya Serikali yake hukutana na polisi. Mwanadamu ni mwepesi wa kusahau kiu yake anapoketi karibu na mtungi.

Ninajua atakuwapo msomaji atakayeniambia: wewe unazungumza maneno matamu, lakini siasa za vyama zikiingia chuoni zinaua. Ana hoja, na ni lazima nimtendee haki. Julai 2022, pale pale Makerere, mwanafunzi mmoja aliuawa katika vurugu za kampeni za uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, na chuo kikausimamisha uchaguzi huo. Mzazi aliyempeleka mwanawe kusoma akarudishiwa maiti. Mbele ya msiba kama huo, hata mimi ningetetemeka kumpa kijana kipaza sauti.

Tena mipaka mingine ilianza kwa nia njema. Katika zama za chama kimoja, chama kilikuwa na matawi mpaka sehemu za kazi. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, ilikuwa busara kusema ofisi ya umma na darasa visiwe mali ya chama chochote, ili mtu asiulizwe kadi ya chama kabla ya kupewa haki yake. Hilo ni uadilifu, na ninaliunga mkono.

Lakini kuzuia tawi la chama ndani ya darasa ni jambo moja, na kumzuia mwanafunzi asiulize kwa nini hatapiga kura ni jambo jingine. Kumkamata aliyebeba kisu ni jambo moja, na kumwita ofisini aliyebeba swali ni jambo jingine. Na marufuku isiyowagusa wote kwa usawa si utaratibu, ni upendeleo. Mgombea ambaye ni kiongozi akija chuoni kuweka jiwe la msingi wiki za kampeni, hiyo huitwa ziara ya kikazi. Kijana akisimama kumuuliza swali, hiyo huitwa siasa. Ni ule ule mkeka wangu na pampu yangu ya kisima.

Ndugu Waislamu, dini yetu imelikabili swali hili, na imelikabili katika hali ngumu kuliko zote. Tukumbuke vita vya Uhud, mwaka wa tatu Hijria. Maquraysh walikuja na jeshi kulipiza kisasi cha Badr. Mtume (s.a.w.) aliwakusanya watu akataka ushauri wao. Rai yake mwenyewe ilikuwa wabaki Madina wajihami ndani ya mji. Lakini kundi la maswahaba, wengi wao vijana waliokosa Badr, walisisitiza watoke wakapambane na adui nje ya mji. Mtume (s.a.w.), ambaye wahyi ulikuwa ukimshukia, aliisikiliza rai hiyo na akaifuata. Akaingia nyumbani, akavaa deraya. Vijana wakajuta kuwa wamemlazimisha, wakataka arudi kwenye rai yake. Akawaambia kuwa haimfai Nabii akishavaa deraya kuivua kabla Allah hajahukumu.

Kilichotokea tunakijua. Waislamu wapatao 70 waliuawa shahidi, akiwemo Hamza (r.a.), ami yake Mtume. Mtume mwenyewe alijeruhiwa usoni. Laiti ingekuwa ni sisi, kamati zetu zingekaa siku ya pili na kuandika azimio: kuanzia leo vijana wasiulizwe kitu.

Lakini Allah (s.w.) aliteremsha nini baada ya Uhud? Soma Surat Al-Imran, aya ya 159. Humo Mtume (s.a.w.) anaelezwa kwamba ni kwa rehema ya Allah amekuwa laini kwa watu wake, na kwamba lau angekuwa mkali na mwenye moyo mgumu wangemkimbia. Kisha anaamrishwa mambo matatu: awasamehe, awaombee maghfira, na ashauriane nao katika mambo. Zingatia wakati wa amri hiyo, ndugu yangu. Damu ya Uhud haijakauka. Vijana wale wale ambao rai yao ilifuatwa wamo katika kundi hilo hilo linaloambiwa lisamehewe na lishauriwe. Hasara haikufanywa sababu ya kuifuta shura. Rai ya mtu inaweza kukosea, na haki yake ya kutoa rai ikabaki pale pale.

Hili ndilo jibu kwa anayetuonesha Makerere. Aliyeua ashitakiwe na ahukumiwe. Aliyebeba silaha afukuzwe. Lakini makosa ya mmoja yasiwe kufuli ya vinywa vya maelfu, maana Mtume (s.a.w.) hakutufundisha hivyo hata baada ya kumzika Hamza.

Umar bin Khattab (r.a.) naye alipokuwa Khalifa alikuwa akimkaribisha Abdallah bin Abbas, kijana mdogo, katika baraza la wazee waliopigana Badr. Wazee wakanung'unika: mbona tunao watoto wa umri wake na hawaingii? Umar hakuwakaripia. Siku moja aliwauliza wote wanaelewa nini katika Suratun-Nasr. Wengine walieleza maana ya juu juu, wengine wakanyamaza. Kijana akasema sura ile ilikuwa ikimjulisha Mtume (s.a.w.) kuwa ajali yake imekaribia. Umar akasema naye hajui katika sura hiyo ila hicho hicho. Wazee wakaona wenyewe kwa nini kijana alikaribishwa. Leo katika baraza zetu, ni wangapi tunaye Ibn Abbas ambaye hatujawahi kumuuliza kitu zaidi ya kumtuma maji?

Na kura yenyewe ni kitu gani katika dini? Baadhi ya wanazuoni wa zama zetu wameifananisha na ushahidi: unashuhudia kwamba mtu fulani anafaa kukabidhiwa mambo ya watu. Allah (s.w.) amekataza kuuficha ushahidi katika Suratul-Baqarah, aya ya 283, na ameamrisha katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, kwamba amana zifikishwe kwa wenyewe. Basi kama kuficha ushahidi ni dhambi kwa shahidi, aliyemfungia shahidi mlango asiifikie mahakama atajibu nini? Katiba ya nchi yetu nayo, Ibara ya 5, inampa raia aliyetimiza miaka 18 haki ya kupiga kura, na Ibara ya 18 inampa uhuru wa maoni. Haikusema: isipokuwa akiwa likizo.

Sisi Waislamu wa nchi hii ndio tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Jumuiya yetu ya EAMWS ilipigwa marufuku mwaka 1968. Mwaka huo huo Sheikh Hassan bin Amir, mwanachuoni aliyekuwa bega kwa bega na wazalendo wakati wa kudai uhuru, aliondolewa Bara akarudishwa Zanzibar. Miaka zaidi ya hamsini tumelalamika kwamba sauti yetu haisikilizwi, na tuna haki ya kulalamika. Lakini anayelalamikia kiatu kinachombana yeye, kisha akamvisha mwanawe kiatu hicho hicho, malalamiko yake yana uzito gani? Suratul-Maidah, aya ya 8, inatutaka tufanye uadilifu hata kwa watu tunaowachukia. Itakuwaje kwa watoto wetu wenyewe?

Kuna jambo jingine, zito, na silisemi kwa wepesi. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, tulishuhudia Jiji letu likiwaka moto. Intaneti ilizimwa nchini, na watu wa Dar es Salaam wakaamriwa wasitoke majumbani usiku. Watu walikufa. Rais Samia Suluhu Hassan, alipohutubia Bunge Novemba 14, 2025, alitoa pole kwa waliopoteza ndugu zao. Katika misikiti yetu tulisalia majeneza ya vijana. Sidai kwamba sababu ilikuwa moja, na sihalalishi kuchoma mali ya mtu wala kumwaga damu ya mtu. Ninachosema ni kwamba kijana aliyezoea kusikilizwa ukumbini ana mahali pa kupeleka hasira yake. Aliyefungiwa ukumbi, akafungiwa msikiti, akafungiwa na simu yake, umemwachia barabara peke yake.

Kwa hiyo naomba kutoa naswaha kwa makundi matatu, nikianza na wenzangu.

Viongozi wa misikiti: tuwe na sheria moja. Ama wagombea wote wasipewe kipaza sauti, na hiyo ndiyo rai yangu, ama wapewe wote kwa dakika sawa. Lakini Muislamu anayesema amedhulumiwa haki yake si mgombea. Huyo ni mlalamikaji, na mlalamikaji husikilizwa. Abu Bakr (r.a.) katika hotuba yake ya kwanza ya ukhalifa aliwataka watu wamnyooshe akipinda. Atanyooshwa vipi kiongozi ikiwa wa kumnyoosha hana ruhusa ya kufungua mdomo?

Wakuu wa vyuo na Serikali: kalenda ya masomo na siku ya kura vyote vinajulikana mapema. Vipangwe ili mwanafunzi asikose kura, au awekewe njia nyepesi ya kuhamisha taarifa zake, na atangaziwe kwa wakati. Ukumbi wa chuo uwe wazi kwa midahalo ya vyama vyote kwa masharti yale yale, chini ya mwalimu anayeheshimika na saa inayoonekana na wote. Chuo kinachoogopa mdahalo kinawafundisha nini vijana?

Nanyi vijana wetu: haki ya kusema ina adabu zake. Musa (a.s.) alipotumwa kwa Firauni, mtu aliyedai uungu, aliamrishwa katika Surat Taha, aya ya 44, aseme naye kwa upole. Wewe si bora kuliko Musa, na mkuu wako wa chuo si muovu kuliko Firauni. Habari ikikufikia kwenye simu, ihakikishe kwanza kama inavyotutaka Suratul-Hujurat, aya ya 6. Usitukane, usichome, usibebe fimbo ya mtu mwenye tamaa zake. Lakini usiache kusema haki, maana Mtume (s.a.w.) amelihesabu neno la haki mbele ya mtawala dhalimu kuwa ni katika jihadi bora.

Nimalizie pale nilipoanzia. Mpwa wangu sasa ni mtu mzima, mwalimu, baba wa watoto watatu. Mwaka jana alikuja Dar kwa matibabu ya mkewe, akafikia kwangu. Usiku mmoja baada ya Isha nikamkumbusha Ijumaa ile ya 2010, nikamwomba radhi. Alicheka, akashangaa kwamba ninakumbuka.

"Mjomba, mimi nilishasamehe siku nyingi," akasema. Kisha akanyamaza kidogo. "Ila tangu siku ile sijasimama tena msikitini kuomba kuzungumza. Hata kwetu Kondoa. Nikiona jambo haliko sawa, naswali, navaa viatu, naondoka."

Ndugu msomaji, hiyo ndiyo hesabu yangu. Kura moja ilipotea siku moja, lakini ulimi mmoja umenyamaza miaka kumi na tano. Huenda ulikuwa ulimi wa kutuonya juu ya jambo ambalo leo tunalijutia, na hatutajua. Nimemwomba Ijumaa atakayokuwa kwangu tena, insha'Allah, asimame baada ya swala azungumze analotaka. Hajanijibu bado.

Basi na wewe ukirudi nyumbani leo, mwite kijana wako wa chuo, umuulize anaonaje mambo ya nchi hii, kisha unyamaze wewe.

Ewe Mola wetu, tusamehe vinywa tulivyovifunga bila haki. Wape vijana wetu elimu, hekima na ushujaa wa kusema kweli, na utupe sisi wazee masikio ya kuwasikiliza. Amin.

Wabillahi tawfiq.